Kidude cha Ng'ombe Kimeamka

Nelvine mtoto wangu,

Hapa Chepseon tuko salama, majani chai inatoka vizuri. Wewe unakula?

Kile kidude chako ulifunga kwa shingo ya ng'ombe ili kitupigie simu akianza kuzaa kilinitesa roho. Taa haiwaki, hakilii. Ulinieleza keneli, ile programu kuu ya kidude, inalaza vifaa vyote ndani ya chipu ili betri isiishe, halafu kila draiva, kiprogramu cha kusimamia kifaa kimoja, inaamsha chake kikihitajika. Lakini mimi nikaona kimekufa. Baba yako akanicheka: "Rebeccah, hata wewe ulikuwa unalaza watoto ukibaki macho. Wacha keneli ifanye kazi!"

Jumanne nikichuna chai, simu ikalia, ni kidude kinasema: ng'ombe anazaa. Nikakimbia na kikapu mgongoni. Ndama alitanguliza miguu ya nyuma! Tukavuta na jirani yetu Gathoni mpaka akatoka mzima. Baba yako amemwita Chepkeneli. Watu wanauliza hilo ni jina la ukoo gani.

Sasa sikia. Ulisema kidude kikikataa kuamka tena utafutwa kazi, ukalia, ukanikataza kuuliza. Siulizi. Waambie tu wakubwa wako kililala vizuri, na kilipohitajika kikaamka.

Na wewe sasa lala.

Mimi mama yako, mikono bado inanuka maziwa,
Rebeccah