Kwa Abigaëlle Kabemba, Aliyeshika Zamu ya Milipuko ya Mbinguni Akiwa Dilala

Mwaka umezunguka, Abigaëlle, tangu asubuhi ile ya baridi ulipotuacha hapa Dilala. Baridi imerudi, vumbi la barabara ya migodi limekaa tena juu ya mabati, na mama yako Ernestine bado anaamka mapema kukuchemshia maji ya kukanda miguu. Maji yakianza kuimba ndipo anakumbuka. Anaepua sufuria.

Wengi watakaosoma haya walikujua kama mtoto wa mama Ernestine anayeuza unga wa mahindi, yule mwenye ugonjwa wa SS, anayevaa masweta mawili na soksi za kaka yake hata jua likiwaka. Ni kweli, ulizaliwa na ugonjwa huo wa damu, selimundu, na tangu utotoni ulikuwa ukikujia kwa kriz za maumivu ya mifupa. Lakini tunataka waijue na kazi yako, maana wako waliodhani unachezea tu mashine kitandani.

Ulisoma fizikia Lubumbashi, ukaendelea Afrika Kusini, na huko ukaingia katika kundi la wataalamu wanaotafuta milipuko ya mionzi ya gamma. Kriz zilipozidi ulirudi nyumbani. Wenzako hawakukuacha. Walikupa zamu ufanyie hapa hapa, kwa kompyuta na simu, ndani ya chumba chenye ukuta uliopasuka.

Siku moja mama yako, akichambua maharage, alikuuliza kazi hiyo ni kitu gani hasa.

"Mama, unasikiaka wakati banapasula majiwe ku migodi?" ukamwuliza.

"Nasikia. Ukuta yangu yote imeisha."

"Unajua ni ku shimo gani banapasula?"

"Hapana. Mpaka nione vumbi."

"Ni vile vile. Mbali sana, nyota kubwa inakufa, inapasuka. Satelite inaona ule mwanga wa gamma, paka sekunde kidogo tu. Sisi huku chini hatuwezi kuuona, hewa yetu inauzuia. Satelite inatuambia: imetokea upande ule. Lakini upande ule ni mukubwa. Sasa sisi na mateleskope ya chini tunatafuta vumbi, kabla ya kuisha."

Vumbi lako lilikuwa mwanga dhaifu unaobaki nyuma ya mlipuko na kufifia kwa saa chache.

"Na mukiipata?"

"Tunajua ilitoka wapi, na ni mbali namna gani."

"Halafu?"

Ulicheka kwa pua, kama kawaida yako. "Halafu tunangojea ingine."

Mama yako alirudi kwenye maharage yake. Alikuwa amechoka kwa kusikia tu.

Na kazi ilichosha kweli. Simu ililia ukiwa misani, ukioga, tonge la bukari likiwa njiani kwenda mdomoni. Mara nyingi haikuwa kitu. Ama jua lilikuwa limerusha chembe zake likaidanganya satelaiti, ama mawingu yalikuwa yamefunika darubini, ama umeme wetu wa Kolwezi ulikatika ukabaki unatazama kioo cheusi. Betri yako ya sola uliwaachia majirani wachaji simu zao, kisha ya kwako ikakosa chaji. Noeli zote ulishika zamu za wenzako kwa sababu, ulisema, wao wana watoto wadogo. Mama yako alikuwa akikutazama mlangoni, akarudi jikoni akinung'unika kwamba na yeye ana mtoto.

Ikafika ile Jumapili ya mvua. Mama alitoka misani akakukuta umepiga magoti sakafuni, paji la uso limeegemea ukuta, mashine iko wazi kitandani. Hakuhitaji kuuliza. Alijua kriz kubwa inavyokaa mwilini mwako.

"Tuende ku lupitalo."

"Paka kidogo tu, mama. Simu imelia."

Satelaiti ilikuwa imetangaza mlipuko. Kwetu ulikuwa mchana, lakini Australia tayari ni usiku, na darubini ndogo ya huko ilikuwa imepiga picha za upande ule. Ndani ya picha zilikuwamo nukta mbili ambazo mtu angeweza kuzidhania kuwa mwanga wa mlipuko. Wenzako wote walikuwa wakiandikiana juu ya ile inayong'aa zaidi. Wewe hukuiamini. Na Rémy, mwana wa Likasi mliyesoma naye, alikuwa Afrika Kusini kwenye darubini kubwa, akingoja jua lizame ili aielekeze. Akielekeza pabaya, mwanga wa kweli ungefifia bila mtu kuupima.

Ulijaribu kumweleza mama haya yote meno yakigongana. Alisikiliza sehemu. Alikuwa amekwisha kungojea "paka kidogo" zako nyingi, na mara moja katika hizo alikukuta huna fahamu. Akaenda moja kwa moja kitandani, akaifunga mashine.

Ulilia. Mama yako alisema baadaye kwamba kwa maumivu ya mifupa hukuwahi kulia hivyo.

Alisimama pale na mashine mikononi, kitambaa cha misa bado kichwani. Halafu akaitia katika mfuko, akautundika shingoni mwake. "Usilie. Inaenda na sisi."

Gaston kaka yako alileta pikipiki yake. Mlipanda watatu: yeye mbele, wewe katikati umeinamia mgongo wake, mama nyuma amekushika kwa mikono miwili ili usianguke, mfuko umebanwa kati ya kifua chake na mgongo wako usilowe. Kila shimo la barabara ulitoa sauti, na kila sauti mama aliisikia kifuani mwake.

Hospitalini, muuguzi Mado alipoona mashine inafunguliwa kitandani alikuja na uso umekunjwa.

"Mama, hapa haiko bureau ya kazi."

"Nasikia, mama. Umuchome sindano, umuwekee na serome," mama yako akamjibu. "Lakini umuwekee ku mukono ya kushoto. Ya kuume iko ya kazi."

Mado alitazama mmoja, akatazama mwingine. Akakuwekea dripu kushoto.

Gaston alishika kompyuta mbele ya macho yako. Mtandao ulipatikana dirishani peke yake, basi mama alisimama pale ameinua simu, mvua ikimrukia mkono. Uliweka picha mpya kando ya picha za miaka ya nyuma za sehemu ile ile ya anga, ukatazama, ukafumba macho kwa maumivu, ukatazama tena. Kisha ukaomba Rémy apigiwe simu.

"Abi, bote banasema ni ile yenye kuwaka sana," sauti yake ikatoka kwenye simu pale dirishani.

"Ile ni nyota ya zamani, Rémy. Angalia picha za miaka ya nyuma, iko pale pale. Inawakaka, inapunguka. Ile ingine, ile dhaifu, zamani haikukuwa."

"Uko na hakika?"

Mama aligeuka kukutazama. Ulikuwa umeuma mdomo.

"Haiko hakika yote. Lakini weka teleskope pale."

"Sawa. Naweka pale."

Ulimwomba Gaston akuandikie tangazo kwa wenzako wote duniani, ukimtajia namba za mahali pale angani mojamoja, ukimwambia arudie. Lilipokwenda, uligeukia ukuta. Mama alishusha mkono, ukawa mzito kama si wake.

Jibu liliingia usiku ule, wagonjwa wengine wakiwa wamekwisha kula. Nukta yako ndiyo ilikuwa yenyewe. Darubini kubwa iliushika mwanga wake kabla haujafifia, ikaupima. Gaston alikusomea kwa sauti: mwanga ule ulianza safari kabla dunia yetu haijakuwako.

Mama yako alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, viatu amevua.

"Safari yote ile," akasema, "ikakosa siku ya kufika, paka siku ya kriz?"

Mado alicheka mpaka akaegemea mlango. Kisha akaenda, akamletea kiti.

Ripoti ilipotoka, jina lako lilikuwa kati ya majina mengi. Baba yako, tata Baudouin, alivaa miwani, akayapitia yote kwa kidole, akauliza kwa nini la Gaston halimo.

Tulidhani umeshapita pagumu. Ulipona, ukashika zamu msimu mzima wa mvua. Halafu ikaja baridi ya mwezi wa saba ikaingia mapafuni. Alasiri moja mama alikuwa anakukanda miguu ulipompigia Rémy. Hukueleza mengi.

"Chukua zamu yangu," ulimwambia. "Mi nilichoka."

Miaka yote hiyo mama yako hakuwa amelisikia neno hilo kinywani mwako. Mikono yake ilisimama, kisha ikaendelea kukanda. Hakukuambia ujikaze. Alikufunika, akakaa. Asubuhi ulikuwa umekwenda.

Juma hili tulikuombea misa. Rémy alifunga safari kutoka Afrika Kusini, akakaa na mama yako uani, sahani za chakula magotini. Alitaka kumweleza ni milipuko gani imepatikana tangu uondoke. Mama alimwacha aseme, kisha akamkata.

"Ule mupya mwenye kushika zamu yake sasa, anakulaka muzuri?"

"Anakula, mama."

"Analala?"

Rémy alichokora chakula chake. "Kidogo."

"Mumuambie alale. Hata muchana, alale."

Akaweka sahani chini, akaingia chumbani mwako, akajilaza kitandani na viatu vyake. Wageni walikuja kumuaga, tukawaambia wangoje au waende na salamu. Alilala alasiri yote, mdomo wazi, kama mtu aliyetoka kazini. Hatukumwamsha.

Tunaokukumbuka: mama yako Ernestine Mbuyu, baba yako Baudouin Kabemba, kaka yako Gaston, dada yako Louise na watoto wake, nyanya yako wa Sandoa, muuguzi Mado, na Rémy, pamoja na wenzako wote wa zamu.

Pumzika, Abigaëlle. Sisi tutaendelea kukutaja, siku zote za maisha yetu.