Mwanangu Haoni Wekundu wa Kahawa

Mpendwa Mshauri, naomba unisaidie maana nimekwama na hapa Keumbu sina wa kumwambia. Kifungua mimba wangu, Mogire, alimaliza kidato cha sita mwaka jana, 1973, akaitwa Nairobi kupimwa afya ili asomee urubani wa ndege za abiria, na kanisa zima likamwombea Sabato ile, moyo ukapimwa ukawa sawa, masikio sawa, herufi za ukutani akazisoma hadi mstari mdogo kabisa, kisha daktari akafungua kitabu cha vitone vya rangi akamwuliza anaona nambari gani, naye hakuona hata moja. Akaambiwa macho yake hayatofautishi nyekundu na kijani, amezaliwa hivyo, hakuna dawa, na urubani wa abiria hapati.

Mshauri, mtoto alirudi nyumbani anacheka! Akaniambia, "Mama, si nilikuwa nakwambia kahawa nyekundu sizioni?" Nikazikumbuka fimbo zangu, kwa maana tangu utotoni nilimchapa kila msimu kwa kuchuma kahawa mbichi pamoja na mbivu, karani wa kiwanda anatumwagia gunia chini tuchambue upya mbele ya watu, nami nikasema ni kiburi, mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, na alipofika darasa la sita akaacha kukosea, nikajisifu kwamba fimbo imemfunza, kumbe alikuwa akibonyeza moja moja, kwani iliyoiva hulainika. Sasa shemeji yangu Cleophas, karani mjini Kisii, anasema atakitafuta kile kitabu Mogire akariri nambari zote, akapimwe na daktari mwingine, lakini kijana amekataa katakata, nami naogopa ananikomoa kwa zile fimbo. Natamani kumwomba msamaha, ila baba yake anasema mzazi hamwombi mtoto msamaha. Nifanye nini?

Tryphosa, Keumbu

JIBU

Mama Mogire, pole sana, ila nimesoma barua yako nikashusha pumzi.

Huyo Cleophas mwambie abaki na makaratasi ya ofisi yake. Uwanjani rubani huonyeshwa taa ya kijani atue, nyekundu asitue. Kitabu angekariri, na taa je? Nyuma yake wameketi watu mia moja, pengine nawe umo na kitambaa chako cha Sabato. Mogire ameliona hilo, wewe mwenye macho mazima hukuliona.

Wala hakukomoi. Mwenye kisasi harudi kwa mama yake anacheka. Miaka yote amejidhania mjinga, na leo daktari amemtua mzigo huo. Tua wako pia, lakini usijifiche nyuma ya methali. Alikwambia haoni, na mkono wako ukawa mwepesi kuliko sikio. Fimbo haikumfunza kitu, mama. Alijifunza mwenyewe, kwa vidole, akiwa mtoto, na kichwa cha namna hiyo hakikosi kazi hata kama ndege imemkataa.

Msimu ukianza, chuma naye mstari mmoja. Fumba macho, umwambie akufundishe kuijua kahawa iliyoiva. Ukishaipata ya kwanza, iweke mkononi mwake useme, "Mwanangu, nisamehe." Baba yake akiguna, mpe naye kikapu, afumbe macho.