Uji wa Karanga wa Mwanahawa

Mjukuu wangu Zena,

Marahaba. Huku Mwembesongo mahindi yamekauka, lakini hatujalala njaa. Mwandiko wangu usiucheke, sikusoma sana. Mtoto wako akinywa maziwa ya ng'ombe anaharisha, nawe unaona haya kumpa ya karanga mbele ya wakwe zako? Mjinga wewe.

Haya hiyo naijua. Wakati wa Mjerumani mama alishika mimba nyingine, akamwachisha ziwa mdogo wangu Mwanahawa. Mimi nikajidai. Nikaleta maziwa kutoka shamba la Mzungu nilikopalilia mkonge, ili majirani wanione. Mtoto akaharisha siku tatu, macho yakaingia ndani. Mama hakunigombeza. Alitwanga karanga, akazichuja kwa kitambaa, akapikia uji, akatoka kumlishia barazani.

Jirani akasema, "Jana maziwa ya Mzungu, leo karanga?"

"Anakula," mama akajibu. "Au ulitaka nimlishe sifa?"

Mwanahawa alilamba mpaka mwiko. Sasa yuko hapa mkekani, hana jino hata moja, anasema karanga zako uzichuje mara mbili.

Bibi yako