Nozeli Nne za Joackim

Nshamba, Muleba
Jumapili, wenzangu wakiwa kanisani

Dada yangu Klaudia,

Nakusalimu kwa furaha ya mtu aliyeolewa juzi. Hujambo? Shemeji na watoto hawajambo? Na kahawa yenu hapo Kashozi, imeanza kuiva? Mimi ni mzima, nimenenepa, na nampenda Joackim mpaka naona haya kuandika. Ningepiga simu, lakini kuta za chumba hiki ni nyembamba na mama mkwe ana masikio.

Desturi unaijua: omugole, bibi harusi mpya, hatoki nje, hapiki, halimi. Nimewekwa ndani kama yai. Mwanzoni ilikuwa raha tupu, kwa sababu pikapu ya Joackim ilikuwa mgonjwa. Asubuhi ilikataa kuwaka. Ikiwaka, inatetemeka na kutoa moshi mweupe, na mlimani inaishiwa nguvu. Basi mume wangu alishinda uani, kichwa ndani ya boneti. Akichoka, anakuja dirishani na mikono yake ya grisi kunieleza. Dada, nani mwingine amebembelezwa kwa habari za nozeli? Alisema zipo nne, kila moja ina vitundu vidogo kuliko ncha ya sindano, na zikiwa safi hurusha dizeli ndani ya injini kama ukungu wa asubuhi juu ya migomba. Vikiziba, nozeli inadondosha matone tu, na injini inakohoa. Nilikijua kikohozi kile kama cha mtoto wangu.

Alizipeleka Bukoba kwa fundi Rutaihwa, zikasafishwa na kupimwa kwenye mashine. Haikupita muda zikaziba tena. Rutaihwa akamtania kwamba huenda gari lake linakunywa pombe. Joackim akakasirika, akaapa kwamba dizeli yake ananunua kituoni Muleba, wala si vichochoroni. Wakati huo wenye ndizi aliokuwa akiwabebea mizigo walishaanza kumpa kazi hiyo Mutembei, mwenye gari zima. Nikamsikia mume wangu akimwambia mama yake kwamba hali ikiendelea hivyo, ataliuza.

Sasa nikwambie jambo ambalo hata yeye halijui lote. Dizeli ya akiba alikuwa anaiweka kwenye madumu nyuma ya pazia la chumba chetu, wezi wasiifikie. Siku moja, kwa upweke tu, nilifungua dumu moja lililokwisha. Ndani ya harufu ya dizeli kulikuwa na harufu ya harusi yetu. Lubisi! Yalikuwa madumu yale yale ya pombe ya ndizi ya harusi. Mama mkwe aliyasuuza kwa maji kidogo, machicha yakabaki chini. Rutaihwa alisema kweli bila kujua.

Nilinyamaza, Dada. Nilijua gari likipona litamchukua. Nilinyamaza mpaka alasiri moja alipokuja dirishani asiseme lolote kuhusu nozeli, akaegemeza tu paji la uso kwenye nondo. Hapo nikamwambia, ila nilisema nimegundua siku hiyo hiyo. Alicheka mpaka akakaa chini. Mama mkwe akauliza kama omugole ameletwa kunenepa au kunusa madumu.

Akamwaga tangi lote, akabadilisha chujio, nozeli zikasafishwa upya, akanunua madumu mapya. Sasa gari linanguruma laini, linaondoka sijaamka na kurudi nimeshalala. Uani wamebaki kuku. Nina furaha, nakuapia, ila sina wa kukaa naye ndani ya furaha hiyo.

Barua hii anakuletea mwenyewe, anapokuja kupakia ndizi huko. Mpe chakula, ashibe, lakini usimkaribishe kulala. Akiwasha gari, sikiliza vizuri. Likikohoa, mwambie arudi haraka, daktari wake yuko dirishani. Lisipokohoa, mwambie hivyo hivyo.

Nisalimie watoto wote, na Mama ukimwona mwambie nanenepa.

Mdogo wako akupendaye,
Felicitas