Kapteni Bremo Hajafa, na Wewe Pia

Kaka Makori, mwana wa mama yangu,

Sina anwani yako, kwa hivyo barua hii naiandika ikiwa wazi, bila bahasha. Bwana Saleh, mwenye jumba la sinema hapa Kisii mjini, amekubali niibandike mlangoni pake, kwenye ubao wa picha za filamu zinazokuja. Anasema watu wanaotoka Kisumu na Busia hupita hapo kabla hata ya kutafuta chai. Huenda mmoja wao anakufahamu. Huenda ukapita mwenyewe, maana nakujua: hujawahi kuipita picha ya Kapteni Bremo bila kusimama.

Nina habari mbili. Ya kwanza, Bremo amerudi. Ya pili, mke wangu Bosibori amejifungua mtoto wetu wa pili wa kiume, na jina la mtoto huyo limekaribia kuivunja nyumba ya mama. Habari hizi zimeingiliana. Nitakusimulia kama ulivyokuwa ukinisimulia wewe, bila kuruka kitu, ila mimi sitatia chumvi.

Unalikumbuka gari la sinema lilipokuwa likija uwanja wa soko pale Nyamira? Lilikuja Jumamosi, na kwetu Jumamosi ni Sabato mpaka jua lizame. Tulisikia kipaza sauti kikijaribiwa tangu alasiri, moja, mbili, tatu, nasi tuko kwenye benchi na vitabu vya nyimbo mikononi, tunalitazama jua kana kwamba tunaweza kulisukuma. Mama hakutoa hata dakika. Siku moja ulimwambia, "Mama, jua limeshazama, hilo linalong'aa ni wingu tu." Akakujibu, "Basi tungoje na wingu nalo lizame."

Mwanzoni hakutaka kusikia neno sinema. Ni wewe uliyemlainisha. Ulimweleza kwamba Kapteni Bremo ana chombo kikubwa, amepakia watu wema na wanyama wawili wawili, anatafuta nchi kavu huko kwenye nyota. "Kumbe ni safina," mama akasema, akafunga leso yake tukaenda. Wanyama wawili wawili hawakuwamo, Makori. Nilivitazama vipande vyote, na mnyama niliyemwona ni mmoja tu, naye alikuwa na macho sita.

Mtu wa kipaza sauti alieleza kwa Kiswahili, akina nyanya ambao hawakufika shule wakabaki kutoa macho. Ndipo ulipopanda juu ya kreti ya soda ukaanza kuwageuzia kwa Kigusii. Bremo wako alikuwa na ukoo. Alizaliwa ng'ambo ya vilima vya Manga, mama yake alikuwa mjane kama mama yetu, na kila alipoondoka kwenda kwenye nyota alisimama mlangoni mwa chombo, akacheka kwa ule mwanya wake, akasema: "Kabla mkungu huu haujaiva, nitakuwa nimerudi." Vigelegele vilipigwa mpaka mtu wa kipaza sauti akanyamaza, asijue amesema nini cha kupendeza hivyo. Nilipokuja kukielewa Kiingereza niligundua kwamba Bremo hakuwahi kutamka neno lolote juu ya ndizi. Maneno yale yalikuwa yako.

Na ndiyo uliyomwachia mama. Ulikuwa mwaka ule watu walipotembea mwezini, ukasema kama binadamu amefika mwezini, wewe huwezi kushindwa kufika kiwandani Jinja. Asubuhi ya safari kulikuwa na mkungu mbichi umeegemezwa ukutani jikoni. Uliupiga kofi dogo kama mtu anavyompiga ng'ombe wake mgongoni, ukayasema maneno ya Bremo. Mama alicheka mpaka akafuta machozi. Ndizi ziliiva baada ya siku tisa. Alimkatalia kila mtu, hata mimi, mpaka zikaoza.

Ulituletea barua mbili, na shati la samawati lililonifika likiwa limeshakuwa dogo. Kisha askari wakatwaa serikali kule Uganda, na barua zikakoma. Nimekwenda Busia mara mbili kuuliza. Waliokuwa wakivuka mpaka walinitazama kwa huruma, wakasema hawajui. Tangu wakati huo mama hajalitamka jina lako. Husema "yule". "Yule angeipenda mboga hii." Nimekula na "yule" kwa miaka, kaka, na nimemchoka.

Desturi yetu unaijua. Mtoto hupewa jina la mtu wa ukoo aliyefariki, ili jina lisipotee. Mtoto wetu wa kwanza tulimpa jina la marehemu baba, na hakuna aliyebisha. Lakini jina la mtu aliye hai haliguswi. Kulitoa ni kumchimbia kaburi huku anatazama. Basi huyu wa pili alipozaliwa, baba mdogo Ontita alikuja siku ya tatu akiwa ameshika panga. Akasema miaka imetosha, mtoto aitwe Makori. Na kwa kuwa mwili hatuna, tukate mgomba tuuzike badala yako, kama wengine wafanyavyo, tunyoe nywele, yaishe. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa akilia alipoyasema.

Mama alitoka jikoni. Akaenda kwenye migomba, pale pale ulipotoka mkungu wako, akaketi chini na kunyoosha miguu. "Kata," akamwambia shemeji yake, "lakini uanze na mimi."

Baba mdogo alirudi kwake na panga lake. Mtoto akabaki bila jina, juma la kwanza, juma la pili. Bosibori akawa anamwita Mgeni. Mimi nilikuwa katikati yao. Kukuzika siwezi, na kuendelea kumwona mama akipakulia kivuli pia siwezi.

Jumapili iliyopita Bosibori alinifukuza nyumbani. "Nenda mjini ukaupumzishe huo uso," akasema. Nikaja kwa Bwana Saleh, onyesho la mchana. Kabla ya filamu yenyewe hutangulizwa kipande kifupi cha kuonjesha filamu nyingine, wao hukiita trela. Taa zikazimwa, na muziki ukaanza. Ule muziki, Makori! Ule ule wa gari la sinema, ila safari hii ni kama umepigwa na kijiji kizima. Chombo ni kile kile, sasa kina rangi. Jumba zima lilisimama. Nilijikuta nimeukamata mkono wa kiti cha kando kana kwamba umekikalia wewe. Mlango wa chombo ukafunguka, akatoka kijana ambaye sijawahi kumwona, meno yamebanana kama mahindi kwenye gunzi, mwanya hana. Sauti ikasema: Kapteni Bremo. Yakaja maandishi kwamba filamu yaja karibuni, basi. Hata dakika tatu hazikutimia.

Kisha mzee mmoja aliyekaa mbele, fundi wa baiskeli kutoka Mosocho, akauliza kwa sauti, "Kwani Bremo alikufa lini?"

Mtu wa mbali angecheka. Sisi hatukucheka. Kama kuna kijana anaitwa Bremo, basi Bremo tuliyemjua amekufa, na hakuna aliyetuletea habari. Mama mmoja muuza ndizi alishika kichwa akaanza kulia kilio kamili cha matanga. Wanaume wakavua kofia. Mimi mwenyewe nilivua yangu, na wala sikuwa namlilia Bremo.

"Huyu si Bremo!" mtu akapaza sauti nyuma. "Anatembea kama karani amechelewa kazi!"

Mimi, karani wa kituo cha chai, nikaitazama miguu yangu.

"Wacha akomae kwanza. Hata yule mkubwa alianza namna hii," mwingine akajibu.

"Na walimzika wapi? Huko kwa nyota, bila mtu wa kwao?"

Mwanafunzi mmoja wa sekondari akapanda juu ya kiti. "Wazee, hii ni mchezo tu! Wamebadilisha mwigizaji. Yule wa zamani ako hai, amezeeka, amekaa kwake."

Alidhani ametuliza mambo, kumbe ameyachochea. Fundi wa baiskeli alimgeukia. "Ako hai? Na wamepea mwingine jina yake akiona? Hao watu hawana wazee?"

Kelele ziliposhinda filamu, taa ziliwashwa, na Bwana Saleh akatoka kwenye kile chumba chake cha mashine. Unamkumbuka? Watu wake asili yao ni pwani, na Kiswahili chake hututia aibu. "Jamani, matanga gani haya ndani ya nyumba yangu, nami sina habari?" Walimweleza wote kwa pamoja. Alisikiliza akitikisa kichwa, kisha akacheka, lakini si kwa dharau.

"Haya, nisikilizeni. Mimi ni Saleh, na babu yangu mzaa baba ni Saleh. Nilipewa jina lake yu hai, ana nguvu zake, tena kanichagulia mwenyewe. Kaishi mpaka kala pilau ya harusi yangu. Kwetu mtu tukimpenda twampa wajina, apate sababu ya kukaa duniani."

"Na hiyo jina haikumuua?" fundi akauliza.

"Lilimtia ukaidi. Alipofika uzee wake wa mwisho, sisi ndio tuliokuwa hoi."

Watu wakacheka, na muuza ndizi akajifuta macho kwa ncha ya leso. "Basi Bremo ako tu," akasema. Wakamjibu kwamba ako. Halafu ubishi wa mwanya ukaanza upya, wengine wakiapa hawatamtazama Bremo asiye na mwanya hata wakibebwa, wengine wakisema meno hayarushi chombo. Sijui ulikwishaje. Nilikuwa nimeshatoka kutafuta gari la Nyamira.

Nilimkuta mama jikoni akimenya ndizi. Nikamsimulia yote, tangu muziki mpaka pilau. Mwisho nikamwambia nililoliamua njiani. "Mama, mtoto ataitwa Makori. Hatunyoi nywele, hatuziki mgomba. Nampa jina la mtu aliye hai, na atakayeona ni mwiko aje kwangu, asije kwako."

Aliweka kisu chini. "Watu watasema nimemzika mwanangu."

"Tutawaambia sivyo."

"Na kama..." Hakumaliza.

"Sijui, mama. Hata mimi sijui. Kama ndivyo, jina litakuwa limepata pa kukaa. Lakini silitoi kwa sababu hiyo."

Aliokota kisu, akamenya ndizi nyingine. Kisha akauliza, akiangalia maganda, "Huyo babu yake Saleh. Mtu akiita jina pale nyumbani, nani alikuwa anaitika?"

Sikuwa nimemuuliza Saleh jambo hilo. "Wote wawili," nikasema. Unisamehe chumvi hiyo moja, nilijifunza kwako.

Mama alinawa utomvu mikononi. Akamchukua mtoto kwa Bosibori, akasimama naye mlangoni, akamtazama usoni na kumwita, "Makori." Nilikuwa nimesahau jinsi anavyolitamka, lile "ri" la mwisho analivuta kidogo. Mtoto akalia. Kisha mama akainua uso, akaitazama barabara ya Kisii, akaita tena, safari hii kwa sauti iliyowatoa majirani nje: "Makori!" Akangoja kidogo, kama mtu anavyongoja anapomwita mwenzake shambani. Halafu akarudi ndani kuendelea kumenya.

Baba mdogo hajakubali. Amekuja, amekunywa uji, amesema nimeharibu desturi na kwamba nitajibu mbele ya wazee. Nitajibu. Nimeshayapanga maneno yangu, na fundi wa baiskeli ameahidi kuja kunisimamia, ingawa Bremo mpya bado hajamkubali. Filamu yenyewe ikifika nitakwenda kuitazama, nami nitampa kijana yule nafasi. Nilimchukia kwa sababu amesimama mahali pa mtu mwingine. Sasa naona wanaolitaja jina ndio wanaolilinda.

Nakukosa, kaka. Nimekukosa mpaka nimekukasirikia, na hasira hiyo nitaitoa ukiwa umekaa mbele yangu, si hapa ubaoni. Barua hii mvua ikiiharibu nitaandika nyingine, nayo ikibanduliwa nitaandika ya tatu. Bwana Saleh amesema gundi si taabu. Nyumbani kuna mkungu uliokatwa jana, mbichi kabisa, umeegemezwa ukutani mahali pale pale. Mama amesema huu ukiiva utaliwa, na anayepita apewe, kisha utakatwa mwingine usimame hapo hapo.

Ameita mara mbili, Makori. Mtoto ameshaitika. Umebaki wewe.

Mdogo wako,
ambaye sasa huitwa baba Makori