Mita Mia Tatu Nilizokuambia Zimebaki

Kaka yangu Barasa,

Ni miaka mitatu tangu tukuzike, na katika miaka hiyo yote sijakuongelesha hata kimoyomoyo. Tukienda nyumbani Krismasi, wengine wanaenda kusimama kando ya kaburi lako, mimi nabaki jikoni nikisema nachambua mboga. Leo nakuandikia, na barua hii nitaiacha wazi ili yeyote aliyekuja kwenye mazishi yako aisome, kwa sababu nilichosema siku ile nilikisema mbele yao wote.

Nianze na kilomita yetu. Ulikuwa umenunua ile mashine ndogo ya kupimia umbali, na ukanieleza kwamba dashibodi ya gari haitoshi kwa mashindano ya magari, kwamba inaweza kukosea hata nusu kilomita kabla hujafika kona ya kumi. Mimi nilidhani ukishafunga mashine kazi imeisha. Ukaniambia hapana, mashine inahesabu mizunguko ya gurudumu tu, na ni lazima sisi tuifundishe kilomita moja ni ndefu kiasi gani. Kwa hivyo Jumapili moja baada ya ibada tuliendesha hadi ile barabara ya vumbi iliyonyooka nje ya Kitengela, wewe ukiwa bado na shati la kanisani, tukapima kilomita nzima kwa tepu ya chuma ya mita hamsini. Mara ishirini tuliinyoosha. Wewe ulishika mwanzo, mimi mwisho, na kila mara nilichora mstari kwa chokaa niliyotoa shuleni kwangu.

Mama mmoja wa Kimaasai alipita na mbuzi wake, akatuamkia, "Sopa," nasi tukajibu "Epa," Kimaasai chote tulichokijua. Akaitazama ile tepu kwa muda mrefu.

"Hii shamba mmeuziwa na nani?" akauliza.

"Hatupimi shamba, mama," ukamwambia. "Tunapima gari."

Akaliangalia gari, ambalo lilikuwa mbali kabisa na tepu, akawaswaga mbuzi wake akaondoka. Ulicheka mpaka ukakaa chini barabarani.

Tulipomaliza ulitaka turudie. Mara ya pili tulipata tofauti ya shibiri mbili, nami nikaona hiyo si kitu. Wewe kila siku ya kazi ulishinda ukipima malori kwenye mizani ya machimbo ya mawe, na hukuweza kuondoka na shibiri mbili ambazo hujui zimetoka wapi. Tukapima mara ya tatu. Ndipo tukapaka mawe mawili rangi nyeupe, moja kila mwisho, na kuanzia siku hiyo hatukuenda shindano lolote kabla ya kupita kati ya yale mawe.

Ulinifundisha mengi pale. Kwamba tuendeshe kwanza kilomita kumi ili magurudumu yapate joto, maana hewa ikipata joto gurudumu linakua kidogo na hesabu inabadilika. Kwamba sensa, kile kifaa cha kuhesabu mizunguko, ikae gurudumu la nyuma, kwa sababu ya mbele ndiyo yanayovuta, na yakiteleza kwenye vumbi yanahesabu njia ambayo hatujaenda. Mimi ni mwalimu wa hesabu wa darasa la saba, lakini hakuna mtu aliyewahi kunifanya niipende namba kama wewe ulivyofanya kwenye kile kiti cha kushoto, kitabu cha njia kikiwa mapajani, nikikusomea: kona ya kulia, kilomita nne nukta mbili, tangi la maji, sita nukta nane. Ulikuwa hujibu. Ulikuwa unafanya tu nilivyosema, na hiyo ilinipa raha ambayo sijui kuieleza.

Sasa nifike siku yenyewe.

Ijumaa jioni ulinipigia simu ukaniambia umebadilisha magurudumu yote manne, umeweka makubwa kwa sababu ya mawe ya upande wa Kajiado. Gurudumu kubwa huzunguka mara chache, kwa hivyo mashine ingesoma umbali mdogo kuliko tuliokwenda. "Inaweza kula kama mita arobaini kila kilomita," ukasema. "Kesho uje mapema, tupite kwa mawe yetu kwanza."

Sikuja mapema. Ningeweza kusema kutoka Matasia hadi kwako Noonkopir ni mbali, na ni mbali kweli, lakini sina sababu ya maana. Nililala sana. Nilipofika ulikuwa umeshawasha gari, umesimama kando ya mlango na mwanao Imani amekushikia kofia yako ya chuma. Hukunigombeza. Uliniuliza tu kama namba ya magurudumu mapya nimeipigia hesabu. Nikasema ndiyo, nitaiingiza kwenye mashine njiani. Na hesabu nilikuwa nimeifanya kweli, kwenye karatasi, ndani ya gari la abiria. Namba ilikuwa kwenye mfuko wa koti langu. Tulipofika mahali pa kuanzia wakatupa kitabu cha njia, wakatuita kwenye foleni, na ile karatasi ikabaki mfukoni.

Tulipofika kwenye njia panda ya bwawa, kitabu kilisema kilomita kumi kamili. Mashine ilisoma tisa nukta sita. Nilijua papo hapo. Mita arobaini kila kilomita, vile ulivyosema.

Wewe pia uliona kwamba nimenyamaza. "Mashine iko sawa?" ukaniuliza.

"Iko sawa," nikakujibu.

Kisha nikabonyeza kitufe cha kurekebisha, nikaipeleka mbele hadi ikasoma kumi. Nilijiambia tayari nimeitengeneza. Kumbe nilirekebisha yaliyopita tu, na kosa lenyewe likaendelea kukua kila gurudumu lilipozunguka. Ningeweza kukuambia usimame. Dakika mbili zingetosha kuingiza ile namba. Tungepoteza alama kidogo, na wewe ungejua kwamba nilisahau. Ni hilo tu nililolikwepa, Barasa, wewe kujua kwamba nilisahau.

Kwenye kilomita kumi na saba na nusu kitabu kiliandika hatari: korongo, barabara inakatika upande wa kulia, pita kushoto polepole. Mbele yetu kulikuwa na gari lingine na vumbi lake lilikuwa limesimama hewani kama ukuta. Hatukuona kitu. Uliniambia, "Nihesabie." Nikaanza kukuhesabia. Mita mia tano. Mita mia nne. Tulikuwa tumekubaliana kitambo kwamba nikisema mia mbili ndipo unakanyaga breki. Nikasema mia tatu, na ardhi ikaisha.

Sitaandika yaliyotokea korongoni. Ulikufa kabla watu hawajatufikia, nami nilivunjika mfupa wa bega.

Hospitalini alikuja mmoja wa waandalizi wa mashindano na kijitabu, akaniuliza kwa upole ilikuwaje. Nikamwambia nilikuonya kuhusu korongo, ulikuwa unaenda mbio, na hukupunguza. Kila neno lilikuwa na kipande cha ukweli ndani yake, na ndiyo maana lilitoka kwa urahisi. Nilidhani litaishia kwenye kile kijitabu. Halikuishia. Nilipopewa nafasi ya kusema kwenye mazishi, mkono ukiwa kwenye kitambaa, nikalirudia. Mchungaji akalichukua akawahubiria vijana kuhusu haraka. Baba akasimama akawaambia watu kwamba alikukataza magari tangu zamani, na akakataa kofia yako iwekwe juu ya jeneza. Mama Imani hakulia. Alikuwa amekukasirikia sana hata machozi yakakosa njia. Mimi niliyaona hayo yote, nikakaa.

Imani yuko kidato cha pili sasa. Ana mikono yako, vidole virefu vile vile. Mwezi uliopita nilienda kwao baada ya kanisa, tukakaa mezani, akatueleza kwamba msichana mmoja shuleni alimuuliza habari ya baba yake.

"Nilimwambia alikufa juu ya kuendesha vibaya," akasema. "Si ndiyo, senge?"

Alinigeukia mimi, maana senge kwetu ni dada ya baba, kama mtu anayethibitisha jibu kwa mwalimu. Nikaweka kijiko chini nikawaambia. Niliwaambia kuhusu magurudumu, karatasi ya mfukoni, njia panda ya bwawa, uliloniuliza na nilivyokujibu. Hata nilichora kwenye gazeti ili waelewe ile hesabu, kwa sababu sikujua kufanya kitu kingine na mikono yangu.

Mama Imani alisikiliza mpaka mwisho. "Miaka mitatu nimelala nikiwa nimemkasirikia mtu ambaye hakunikosea," akasema. Kisha akasema niende nyumbani, na hakunisindikiza. Hajapokea simu yangu tangu siku hiyo, na simlaumu.

Baba nilimpigia jioni hiyo hiyo. Nilimweleza yote. Halafu akaniuliza, "Na mbona ukangoja nizeeke hivi?" Nasikia siku iliyofuata alitembea peke yake hadi kaburini kwako, akakaa huko mpaka mama akatuma watu wamwite. Waandalizi nao nimewaandikia, nikiwaomba wabadilishe walichoandika. Kiti cha navigeta, cha msoma njia, sitakikalia tena. Darasani, mtoto akikosea hesabu na kuificha kwa mkono, natoka nje kidogo kabla sijasema naye.

Nilitaka kukuomba msamaha, lakini nikiandika neno hilo naona linaniletea nafuu mimi, wewe halikupi kitu. Acha nikupe ninachoweza, ambacho ni jina lako likiwa safi, kwa wale waliolisikia likichafuliwa kwa mdomo wangu.

Imani ndiye aliyenifuata hadi langoni siku ile. Alikuwa na swali moja. Alitaka kujua kama uliogopa. Nikamwambia hapana, hukupata nafasi ya kuogopa, kwa sababu uliamini kuna mita mia tatu mbele yako.

Pumzika, kaka. Hukuwa na haraka. Ulikuwa unaenda vile nilivyokuambia.

Ni mimi dada yako mdogo, niliyekaa kiti cha kushoto,
Nekesa