Mbwa wa Kamba, Mbwa wa Kuachiwa

Granli, 14 Septemba

Dada yangu Oddny,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini mvua za Bergen hazijakuozesha, na kwamba mumeo na mtoto ni wazima. Huku sote tunapumua. Mama anapika jemu ya matunda ya msituni tangu Jumatatu, na jiko lote linanata. Baba hajambo, ila magoti. Ngazi ya ghalani sasa anaipanda kwa kupumzika katikati. Mimi ni karani yuleyule wa ofisi ya wilaya, bado nasoma kila karatasi mara tatu kabla ya kupiga muhuri.

Uliniuliza kwenye simu kama tumeshachagua mbwa, nikakujibu ovyo. Baba alikuwa amekaa karibu. Ndiyo maana naandika.

Aslaug, yule mfugaji wa ng'ambo ya mto, ametuwekea watoto wawili wa mbwa tuchukue mmoja, na anataka jibu Jumamosi. Wa kwanza ni wa kijivu, mbwa wetu wa asili, mfupi mwenye kifua kipana, wa kuwinda akiwa kwenye kamba: anamfuata elki, kulungu wetu mkubwa kama farasi, kimya kimya, na mwindaji anavutwa nyuma yake vichakani kutwa nzima. Wa pili ni wa Jämtland, mrefu, jamii ya Bruse wetu aliyepotea mwaka jana: unamwachia, anamtafuta elki peke yake, na akimpata anamzuia kwa kubweka mpaka ufike. Aslaug alisema mtu mwenye magoti kama ya Baba hana la kuchagua. Mbwa wa kuachiwa anakuruhusu ukae juu ya gogo na kahawa yako, ukisikiliza.

Mama naye akasema wa Jämtland, bila kufikiri. Jirani yetu Tormod, aliyekuwa amekuja kunywa kahawa, akamcheka. "Sigrun, unataka kuwalisha mbwa mwitu tena? Mwaka jana wamekula mkubwa, mwaka huu unawapelekea kitoto laini!" Mama akamjibu kwamba mbwa mwitu pekee anayemtia hofu ni huyu anayemmalizia keki zake kila Jumapili. Wakacheka wote. Kisha Tormod akanigeukia: "Na wewe karani, sema basi! Au mpaka tukujazie fomu?" Nikasema sina maoni. Mikono yangu nilikuwa nimeificha chini ya meza.

Baba alingoja kicheko kiishe, akasema atachukua wa kijivu. Mama akamuuliza ni nani atakayevutwa na kamba hiyo, maana yeye hata kisimani hafiki bila kusimama. Baba akasema kamba nitaishika mimi, Eilif. Yeye atabaki nyumbani na redio yake. Miaka arobaini na moja, Oddny, hajakosa siku ya kwanza ya msimu wa kuwinda. Akaongeza, bila kumtazama mtu, kwamba anataka mbwa ambaye yeye mwenyewe atajua alipo.

Huenda hujui kwamba bakuli la Bruse bado liko barazani. Mama hulipindua kila anapofagia, na kila asubuhi nalikuta limesimama, lina maji safi. Niliwahi kumuuliza Baba. Akasema hajaona mfupa wala ukosi. Mbwa anaweza kurudi ana kiu.

Nami namsikia Bruse. Si usiku; ingekuwa usiku ningeelewa. Ni saa nne asubuhi, ofisini, kati ya mashine ya kunakili na birika: ule mbweko wake wa kumzuia elki, mzito, wenye nafasi sawasawa, kama mtu anayegonga mlango akijua umo ndani. Juzi nilimuuliza mwenzangu wa meza ya pili kama anasikia mbwa. Alinitazama sana, akanishauri niombe likizo.

Sasa nisikilize, dada. Hakukuwa na mbwa mwitu.

Siku ile Bruse alikuwa anabweka ndani ya misonobari michanga chini ya kilima, nami ndiye niliyekuwa karibu. Unaikumbuka sheria ambayo Baba alitufundisha kabla hata hatujaruhusiwa kugusa bunduki: usipige mpaka umemwona mbwa. Niliona pembe, nikaona bega. Mbwa sikumwona. Nilimsikia tu, nikadhani nimejua alipo. Nikapiga. Elki akaondoka mzima, na mbweko ukakatika katikati.

Nilimfukia Bruse kwenye kinamasi, kando ya lile jiwe lililopasuka. Ukosi wake wenye kifaa cha kuonyesha alipo niliuzima, nikamfukia nao. Niliwaambia nimemkosa elki, na hilo lilikuwa kweli. Baba alipiga mluzi msituni siku tatu, mpaka midomo ikapasuka. Siku ya pili Tormod aliona nyayo za mbwa mwitu juu ya kilima, akasema wamemla, na wote wakasema wamemla. Jumatatu taarifa ya mbwa aliyepotea ikafika mezani kwangu, kwa sababu ni mimi ninayeziandika. Penye sababu nikajaza: mbwa mwitu. Nikaisoma mara tatu. Nikapiga muhuri. Tangu hapo hakuna nyumba bondeni inayothubutu kumwachia mbwa wake.

Jumamosi, kabla ya kwenda kwa Aslaug, nitampeleka Baba kwa trekta mpaka mwisho wa njia, kisha tutatembea polepole mpaka kwenye jiwe. Achague mbwa akishajua. Jumatatu nitaipeleka taarifa ya kweli kwa mkuu wangu. Naogopa, Oddny, kuliko nilivyowahi kuogopa. Ndiyo maana naituma barua hii leo: ikishafika kwako, sitaweza tena kurudi nyuma.

Tafadhali piga simu Jumapili. Usimuulize Baba amechagua yupi. Muulize tu hali yake, na kama bado ananiita mwanawe.

Mbusu mtoto, msalimie mumeo. Mama atakutumia chupa mbili za jemu. Asubuhi hii niliwahi kuamka kabla ya Baba, nikalisimamisha bakuli mwenyewe, nikamimina maji. Yakamwagika yote barazani, nikamimina tena.

Mdogo wako,
Eilif